Msala Uliobaki Ukutani

Nyumba yangu ya kwanza niliiacha kwa miguu yangu mwenyewe, na mpaka leo sijaingia tena. Ilikuwa kisiwani Nosy Be, nyumba ya miti na majani ya ravinala, aliyonijengea mama yangu kabla sijaolewa. Ndivyo ilivyo kwetu watu wa asili ya kisiwa cha Ngazidja: binti haendi kwa mume, mume ndiye anayeletwa kwa binti. Anakuja na kasha lake, na siku ya kuondoka anaondoka na kasha lake. Nyumba ni ya mwanamke. Hayo niliyanyonya na maziwa.

Lakini mume niliyeletewa alikuwa na mkono mzito, na siku aliponivunja jino nilikimbia. Nikavuka bahari mpaka Antsahampano na damu imekauka kwenye leso, nikadandia gari la mizigo, nikafika Mahajanga nikidhani nyumba itaningoja. Haikuningoja. Akaingiza mke mwingine. Nilipotuma wazee wakaidai, aliwajibu kwa adabu kabisa kwamba yeye hakumfukuza mtu. Mwenye nyumba kaondoka mwenyewe, na nyumba haikai bila mtu. Wazee wakarudi wananitazama miguuni. Nikaelewa hapo: mila inailinda nyumba ya mwanamke maadamu mwanamke yumo ndani. Akishatoka na furushi lake kichwani, mila nayo inakaa kitako.

Sikusoma mimi. Nilikaa chuo cha Kurani mpaka nikazijua herufi na juzuu chache, basi. Kiswahili hiki nimekipata kwa maalimu wetu na kwa wageni wa bandarini. Nyumbani tulisema Kingazidja, sokoni Kimalagasi, na Kifaransa tulimwekea askari. Lakini nilijua kupika. Nilianza na sufuria moja ya wali na samaki, nikiwauzia makuli wa matishari pale bandarini Mahajanga, nikaishia kuwa na hoteli yangu yenye meza na mabenchi. Hakuna mwanamume aliyenisaidia kununua hata mwiko. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mdogo wangu alipofariki, binti yake nilimlea mimi. Alipofikia kuolewa nikamjengea nyumba Tsaramandroso, ya mabati na nguzo za mikoko, sakafu ya saruji. Kila bati nalijua lilipopigiliwa. Bendera mpya ya uhuru ilikuwa haijapauka bado, watu wana furaha, na mimi nilikuwa na furaha yangu ya pembeni: mtoto huyu hatakimbia na leso ya damu.

Mume tuliyemleta alikuwa msimamizi wa makuli kwenye matishari. Mtu wa heshima zake. Kwenye maulidi watu walinyamaza kumsikiliza, maana Mungu alimpa sauti, na sauti hiyo hakuipandisha hata siku moja. Wenzangu waliniambia nimepata mkwe. Nilijisifu, kwa nini nisijisifu?

Mkwe wangu sikumjua kwa sikio. Nilimjua kwa liwa.

Wanawake wa huku hupaka liwa usoni asubuhi, kwa ajili ya jua na kwa urembo, na jioni huosha. Binti yangu akawa haoshi. Nikienda alasiri, liwa. Nikienda jua limeshazama, liwa, tena nene kama lipu ya ukuta. Nikadhani ni mapenzi mapya, mtu anataka uso laini. Kisha siku moja nikaona kwamba upande mmoja wa uso liwa limepasuka, na anapocheka anacheka na upande wa pili tu. Nikachovya ncha ya leso kwenye gudulia, nikamshika kidevu. Hakukataa. Alifumba macho tu, kama mtoto anayengoja dawa. Chini ya liwa shavu lilikuwa rangi ya zambarau lililopondwa.

Akasema amejigonga mlangoni.

Nikamwambia, "Mlango hauna vidole."

Hapo ndipo woga ulipoingia ndani ya mwili wangu, na sikudanganyi, ulikaa kama mpangaji. Woga wangu mwenyewe wa Nosy Be niliukimbia, nilikuwa na pa kukimbilia. Huu ulikuwa ndani ya nyumba niliyoijenga mimi.

Nilikwenda kwa askari. Akaniuliza kama kuna aliyekufa. Nikasema bado. Akasema basi rudini mkayamalize na wazee wenu, serikali haiingii chumbani. Nikamwita kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa binti, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Alikuja, akakaa, akanywa chai yote kwanza. Rai yake ilikuwa kama ya kila mtu: binti apelekwe Nosy Be kwa jamaa, akae huko mpaka mume apoe, kisha mume amfuate na zawadi amrudishe, kama desturi ya nchi hii.

"Na nyumba?" nikamuuliza.

"Dada, nyumba ni mabati."

"Nyumba ni mabati kwa mtu mwenye nyumba."

Kisha akasema neno ambalo nilikuwa nalikwepa tangu siku ya liwa. "Haya. Tumbakize. Akimuua je?"

Mimi, mwenye jibu kwa kila kuli anayelalamikia wali, nilimwondolea kikombe nikaenda kukiosha. Maana alikuwa na haki. Ningemfungia mtoto ndani ya nyumba kwa sababu ya jino langu, na siku moja ningeitwa nije nimwoshe. Picha hiyo niliiona waziwazi mchana kweupe, na kila nilipokoroga sufuria niliiona tena.

Binti ndiye aliyekata shauri. Alikuwa amekaa kizingitini anatusikiliza tunavyomgawanya. Akasema taratibu, "Mama mkubwa, mimi nikitoka hapa nitakuwa mgeni mpaka kufa. Atoke yeye."

Basi akatoka yeye. Mume yuko kazini, tukakusanya vitu vyake mchana, bila siri: kasha, kanzu, viatu, mwavuli, redio aliyoipenda kuliko watu. Majirani walikuja kusaidia, na mbele yao wote jirani yetu mmoja Msakalava, mwenyeji wa nchi, mwanamke mpana mwenye kinu cha mawe mdomoni. Yaani alisaga watu kwa maneno. Alibeba redio akiiambia iage kuta. Tulicheka. Tulikuwa tunaogopa, ndiyo maana tulicheka.

Ukabaki msala. Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani, msala mzuri wa zulia wa kuswalia, baba yake mume aliutoa Maka. Niliunyooshea mkono nikausimamisha hewani. Utautoaje msala? Uutupe juu ya kasha, barabarani, mbuzi aukanyage, mtu asiye na udhu aushike? Kanzu ni nguo, kasha ni ubao. Msala si chombo cha ugomvi. Jirani yangu mwingine, mcha Mungu, akasema uacheni, atatuma mtu mwenye udhu auchukue. Tukaona hiyo ndiyo adabu. Tukauacha ukutani.

Kaka yangu akalipeleka kasha kwa mama yake mume, kwa maneno mazuri, kama inavyotakiwa. Mume hakubisha. Alisema amesikia.

Kuanzia siku ile wanawake wa mtaa walihamishia kazi zao mlangoni kwa binti yangu. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mmoja alikuja na mchele wa kuchagua, mwingine na ukili wake, Msakalava akabiringisha kinu chake cha kweli, cha mti, akakisimika mbele ya kizingiti kama mzinga wa serikali. Mwanamume mwenye haya haruki miguu ya wanawake waliokaa mkekani. Hiyo ndiyo silaha tuliyokuwa nayo, haya ya mtu mwingine. Mimi nilikuja nikishamaliza makuli, mikono bado inanuka samaki, nikakaa mahali pangu kwenye nguzo.

Naye alipita kila alasiri akitoka bandarini. Alisimama. Alitoa salamu ya mdogo kwa mkubwa, "Kwezi, mama," sauti ileile ya maulidi, akaniuliza magoti yangu, akauliza mtoto wa fulani kama homa imeshuka. Ni lazima umjibu mtu anayekusalimu, tulimjibu. Nakwambia, salamu ile ilinitisha kuliko matusi. Mtu anayetukana unajua alipo. Jirani Msakalava alimwambia siku moja, "Bwana, mbona unanusa mlango kama paka wa bandarini?" Akacheka, akasema paka hurudi kwao. Akaenda zake.

Kisha alikuja kabla ya wakati wake. Mikono ya kanzu imekunjwa mpaka viwikoni, maji ya udhu yanamdondoka. Adhana ya alasiri ilikuwa inaisha. Akasimama mbele ya miguu yetu, akasema, "Niwieni radhi, mama zangu. Msala wangu umo ndani. Nimekuja kuswali."

Nani atamzuia mtu na swala? Tena mbele ya barabara, watu wanapita? Yule mcha Mungu ndiye aliyekunja miguu wa kwanza. Kisha wengine. Akapita katikati yetu akiinua kanzu yake asituguse. Mimi nilijenga nyumba ile. Nilipigilia kila bati. Na nilimwachia mlango wazi, umetundikwa kwenye msumari.

Tulimsikia akiswali. Swala nzuri, haikuharakishwa. Akatoa salamu kulia na kushoto, tukangoja atoke. Hakutoka. Ikawa kimya, kisha mnong'ono wa mtu anayevuta tasbihi. Binti alikuwa ndani, kwenye kona ya jiko, hana pa kupitia ila mbele yake. Nikaita jina lake kwa kisingizio cha chumvi. Akajibu, "Naam," sauti nyembamba. Yule bwana alipotoka alitushukuru.

Kesho yake akaja tena. Na siku zilizofuata. Alikuja kuswali tu, hakula, hakulala. Lakini kila siku alikaa zaidi kidogo. Siku moja aliacha viatu ndani ya mlango badala ya nje. Siku nyingine alikuja na samaki kwenye ukili, akampa binti mkononi mbele yetu kama mtu aliyerudi kwake. Na mimi niliona mikeka inapungua. Hawakuwa wabaya, wenzangu. Walisema, mama, si unaona? Anaswali, analeta kitoweo, hajamgusa. Hata kaka yangu alisema labda Mungu amemlainisha. Pakabaki Msakalava na kinu chake, na mimi.

Binti naye alirudia liwa. Nikamkamata, nikaosha, chini hamna kitu. Uso mzima. Nikamuuliza kwa nini basi unajipaka mpaka usiku unaingia. Akanishika ncha ya leso, akaniambia.

"Anapovuta tasbihi, Mama mkubwa, hasemi ninayoyajua mimi. Kila punje ananitajia kiungo. Kidole hiki. Kisha hiki. Kifundo. Goti. Anakwenda mpaka mwisho wa uzi, halafu ananiambia kesho tutaanzia tulipoachia."

Kwa sauti ileile. Sisi tumekaa nje tunachagua mchele, tunasikia mnong'ono, tunasema mashaallah.

Sikulia. Nilisikia baridi, Mahajanga ile, joto lile. Nikaelewa kwamba hangojei kupoa, anangoja mikeka iishe. Nikaelewa pia kwamba hakuna atakayeniamini, maana nani atasema uongo juu ya tasbihi? Wangesema mimi ndiye mbaya, mama mkwe mwenye hoteli, anayewatenganisha watu.

Kesho yake sikupika. Makuli walinitumia salamu za njaa, wakakae nazo. Nilikwenda kwa binti kabla ya alasiri. Nikatawadha, nikatawadha vizuri, nikarudia, kwa sababu sikuamini kama maji yamefika. Nikauteremsha msala kwenye msumari. Nikaukunja kwa uso wake ndani, nikauzungushia leso mpya iliyokuwa haijavaliwa na mtu, nikauweka kichwani. Nikamwambia binti asitoke. Nikamwambia Msakalava atwange, asiache kutwanga hata akichoka, ili nikiwa mbali nijue mlango una mtu.

Nilikutana na mkwe wangu hatua chache tu kutoka mlangoni, mikono imelowa.

"Mama," akasema, "msala wangu huo unakwenda wapi?"

"Unakokaa msala. Msikitini."

Akatabasamu. Akanyoosha mkono kama mtu anayemtua mzee mzigo. Sikusimama. Kumpokonya mwanamke mzee msala wa Maka kichwani, njiani, udhu mkononi, watu wanatazama: hilo hakuliweza. Alikuwa na haya zake, tena alizihitaji kuliko sisi, ndizo alizofunikia mengine. Basi akanifuata.

Njia ile naijua kama kiganja changu, na siku ile haikuisha. Alitembea nyuma yangu karibu sana, nikisikia pumzi yake kwenye leso, na akaanza kuninong'oneza. Sitaandika yote. Alianza na shingo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu naye. Watu tuliopishana nao walitoa salamu, na yeye akanyanyua sauti akawaitikia kwa uzuri, kisha akarudi palepale alipoachia. Nilitaka kukimbia. Miguu yangu ya Nosy Be ilikuwa inaniomba ruhusa. Nikasema nikikimbia msala utaanguka, na ukianguka nimekwisha. Nyuma nilikuwa bado nasikia mchi wa kinu, du, du, mpaka kona ya mwisho, kisha sikuusikia tena, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Wanaume walikuwa wanavua viatu. Wanawake hatukuzoea kusimama pale. Nikasimama chini ya ngazi, sikupanda hata moja, nikamwomba mwadhini aniitie imamu. Akatoka mzee, macho yameshaanza kuwa na ukungu. Nikautua msala mikononi mwake.

Nikasema kwa sauti ya kuita makuli, "Huu ni msala wa bwana huyu. Tulitoa kasha lake tukausahau. Kuanzia leo anaswali hapa, pamoja na wanaume wenzake, vipindi vyote. Nyumbani kwa mwanangu hamna tena pake pa kuswalia."

Sikusema habari za tasbihi. Nilitaka kusema. Nikaona nyuso zile zinazompenda, nikameza.

Imamu aliushika msala, akaupapasa, akaona leso mpya, akanusa labda sabuni yangu. Kisha akamtazama mkwe wangu, maji bado yanamdondoka viwikoni.

"Umeshatawadha," akamwambia. "Safu inakungoja."

Angefanya nini? Akavua viatu. Alipopita karibu yangu hakunong'ona kitu, na hakunitazama.

Nilirudi mbio, sioni aibu kusema, mzee wa watu na leso mkononi. Mchi ulikuwa bado unatwanga. Mpunga ulikuwa umeshakuwa unga. Jirani yangu akasema nimpe maji kabla hajafa, na kwamba unga huo nitaununua mimi. Kaka yangu nilimtuma msikitini akamsubiri bwana yule baada ya swala, mbele ya imamu, na neno la talaka likaanza kuzungumzwa hapo. Lilichelewa, lilisumbua, lakini lilitoka.

Mikeka ilirudi mlangoni, na kwetu mambo yakabadilika bila mtu kutangaza: mume akitolewa kwa kosa kama lile, msala hutangulia kasha, na huubeba mwanamke mzima mwenye udhu. Nimebeba mingine baada ya ule. Sijazoea.

Wala sitasema woga uliisha. Yule bwana alibaki mjini, na sauti yake ilibaki nzuri. Miaka na miaka alinisalimu sokoni akaniuliza magoti, nami nikamjibu, na kila mara shingo yangu ilikaza.

Lakini jioni ile ya kwanza nilimkuta binti amekaa sakafuni anautazama msumari mtupu. Uso ameuosha. Nikamwuliza kama aje alale kwangu. Akatikisa kichwa. Akasimama, akachukua ungo wake wa kupepetea, akautundika pale.

"Nifunge mlango, Mama mkubwa?"

"Mlango wako," nikamwambia.

Nikatoka nikasimama nje, mkono kwenye bati, mpaka niliposikia komeo linaingia mahali pake. Nikangoja kidogo tena. Kisha nikaenda kuloweka mchele wa makuli.